Nenda Ukaone Mwenyewe: Maneno na Kuonja katika Al-Inkishafi

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili vyuoni tuna namna yetu ya kuumaliza utenzi wa Al-Inkishafi. Dhamira kuu ni nini? Dunia ni hadaa. Ujumbe? Binadamu akumbuke kifo. Mtazamo wa mtunzi? Wa kidini. Falsafa yake? Mali haidumu. Tunaandika hoja tano au sita, kila moja na ubeti wake wa kuithibitisha, kisha tunafunga daftari na kuhamia kwa Mwanakupona. Majibu hayo si ya uongo. Shida yangu ni kwamba mtu anaweza kuyaandika yote, akapata alama nzuri, na asiguswe na chochote. Na utenzi wenyewe, nikiusoma kwa makini, naona unaijua hatari hiyo na unaiogopa.

Hoja ninayotaka kuitetea katika makala haya ni kwamba Al-Inkishafi ni utenzi wa mawaidha ambao hauyaamini sana mawaidha. Mtunzi wake anajua kwamba ukweli wa kiroho hauhamishwi kwa maneno kutoka kinywa kimoja kwenda sikio jingine kama maji ya mtungi. Ndiyo maana, baada ya beti nyingi za kusema, anafika mahali anatuambia kwa maana hii: kama huniamini, nenda ukaone mwenyewe. Nitaonyesha kwamba hapo ndipo ulipo moyo wa kazi nzima. Nitaonyesha pia kwamba beti za moto wa akhera zinazokuja mwishoni hupungua nguvu kwa sababu zinaiacha njia hiyo. Mwisho nitauliza swali ambalo sikulipata katika daftari langu la darasani: je, kuona peke yake kunatosha?

Nianze na utenzi wenyewe. Mtunzi wake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi na mwanachuoni wa visiwa vya Lamu, na inakadiriwa kwamba ulitungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Huo ndio wakati ambao Pate, mji uliokuwa na nguvu na utajiri chini ya Wanabahani, ulikuwa unaporomoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1810, vita vya Shela viliwapa watu wa Lamu ushindi dhidi ya Pate na washirika wake wa Mombasa, na nguvu za Pate hazikurudi tena kama zamani. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu katika lahaja ya kaskazini. Sisi tunausoma kwa hati za Kirumi, wengi wetu katika Tenzi Tatu za Kale alizozihariri M. M. Mulokozi. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani 10. Mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja cha mwisho, na mshororo wa nne una kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho. Mimi nimelelewa na Kiswahili cha Goma, mbali na Lamu kwa masafa na kwa matamshi, kwa hiyo niliusoma kidole kimoja kikiwa kwenye ubeti na kingine kwenye maelezo ya msamiati. Huenda ugumu huo ulinisaidia. Mtu asiyeelewa upesi hulazimika kukaa mahali pamoja muda mrefu.

Jina la utenzi nalo linastahili kukaliwa. Mtunzi analitaja mwenyewe katika beti za mwanzo, anapoeleza kwamba anakusudia kutunga kidani cha lulu na kukiita Inkishafi. Mzizi wa neno hilo katika Kiarabu una maana ya kufunua, kuondoa kifuniko au pazia. Lakini umbo lenyewe linakaribia kauli yetu ya kutendeka: si kufunua bali kufunuka. Sisi wanafunzi wa sarufi tunaijua tofauti hiyo. Ninapofunua chungu, mimi ndiye mtenda. Kitu kinapofunuka, huenda mimi nimesimama tu mbele yake, na kilichotokea hakikutoka mkononi mwangu. Kama mtunzi angetaka kuandika kitabu cha mafundisho, lugha zake zote mbili zilikuwa na majina mengi ya kumpa: wasia, mawaidha, nasaha, mafunzo. Alichagua jina la tukio linalompata mtu.

Jina hilo lina ukoo wake katika fikra za Kiislamu. Masufi hulitumia neno la mzizi huohuo, kashfu, kwa ujuzi unaomfikia mtu pale pazia linapoondoka moyoni mwake, tofauti na ujuzi wa kusomea. Mwanachuoni aliyeieleza tofauti hiyo kwa lugha nyepesi kuliko wengi ni Abu Hamid al-Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad. Katika kitabu chake cha maisha yake, Al-Munqidh min al-Dalal, anasimulia kwamba ilifika siku ulimi wake ukafunga: alitaka kuwafundisha wanafunzi wake na maneno hayakutoka. Aliacha kazi, akaondoka Baghdad, akaishi miaka mingi katika ibada na safari, Damascus, Yerusalemu, Makka na Madina, kabla ya kurudi kufundisha. Anasema alikuwa amekwisha kusoma vitabu vya Masufi na kupata kila kinachopatikana kwa kusoma na kusikia. Kilichobaki hakikuwa cha kusoma. Kilikuwa cha kuonja. Mfano wake ni wa mtu mwenye afya na mtu anayejua maana ya afya. Tabibu mgonjwa anaweza kuieleza afya vizuri, sababu zake na dawa zake, na afya yenyewe hana. Mlevi hajui maana ya ulevi kitaalamu, lakini amelewa.

Simlazimishi mtunzi wetu awe mwanafunzi wa Ghazali. Ninajua tu kwamba masharifu wa pwani wenye asili ya Hadhramauti waliviheshimu sana vitabu vya Ghazali, na kwamba mtu aliyelipa shairi lake jina la Inkishafi hakulichagua akiwa gizani. Na hata tukiwaacha wanachuoni, Waswahili wenyewe walikwisha kulisema jambo hili kwa njia yao: uhondo wa ngoma, uingie ucheze.

Sasa tutazame jinsi utenzi unavyofanya kazi. Baada ya dua na utangulizi, mtunzi anaugeukia moyo wake na kuuliza kwa nini hauzingatii, kwa nini hauamki. Hapa ndipo wengi tunapopita haraka mno. Anayekemewa ni nani? Si jirani mlevi, si tajiri bahili, si kijana wa mjini. Ni moyo wa mtu aliyesoma. Huu ni moyo ulioisikia Kurani tangu utotoni, unaoyajua mafundisho yote kuhusu dunia na akhera, na bado umelala. Kwa hiyo utenzi unaanza pale ambapo maneno yamekwisha kushindwa. Kama maneno yangekuwa yanatosha, moyo wa Sayyid Abdallah ungekuwa wa kwanza kuamka na utenzi usingekuwa na sababu ya kutungwa.

Kinachofuata ni msururu wa tashbihi. Dunia ni bahari iliyochafuka. Dunia ni kisima chenye ng'ombe mkali kando yake, anayepiga pembe wanaokuja kunywa. Dunia ni vumbi linaloonekana katika mwale wa jua upitao tunduni: ukilishika, mkono unarudi mtupu. Dunia ni mazigazi ya mchana, anayoyakimbilia mwenye kiu akidhani ni maji. Katika uhakiki wa darasani tunazihesabu tashbihi hizi kama mapambo ya fani. Nadhani hizi mbili za mwisho ni zaidi ya mapambo, kwa sababu zinaleta pingamizi dhidi ya hoja yangu mwenyewe, na mtunzi analiruhusu pingamizi hilo liingie. Mazigazi nayo ni jambo la kuona. Mwenye kiu hakuambiwa kuna maji. Ameyaona kwa macho yake. Vumbi la jua nalo liko pale, linang'aa kama dhahabu. Basi jicho nalo hudanganya, wala si maneno peke yake. Anayesema "mimi naamini ninachokiona tu" hajawa salama hata kidogo.

Lakini tuangalie mtu wa mazigazi anagunduaje kwamba amedanganyika. Hagundui kwa kuambiwa. Anagundua kwa kufika. Anakimbia, anafika pale palipokuwa na maji, anakuta mchanga na jua. Na mtu wa vumbi anagundua kwa kufumba mkono na kuufumbua. Kwa mtunzi, basi, kuona kwa mbali husahihishwa na kufika na kugusa. Hii ni tofauti kubwa, na ndiyo inayotuandaa kwa sehemu inayofuata, kwa sababu sasa mtunzi anatupeleka tukafike.

Sehemu ya Pate ndiyo inayopendwa na kila msomaji, na inastahili. Mtunzi anawaleta mabwana wa mji wakitembea kwa maringo, shingo zimeinuka. Majumba yao yanawaka taa za kioo na za shaba mpaka usiku unakuwa kama mchana. Vyombo vya kauri kutoka Uchina, vilivyochaguliwa kimoja kimoja, vimepangwa katika zidaka, yaani vile vijishubaka vilivyochongwa ukutani. Kuna kelele za furaha na za watumishi na watumwa. Kuna vitanda na mito na wa kuwapepea. Kisha kifo kinakuja, na mabwana wanaingia katika nyumba za mchanga. Halafu tunarudi katika majumba yaleyale. Juu wananing'inia popo. Katika zidaka zilizokuwa na sahani, ndege wameweka makinda yao. Bundi analia. Mende wanavuma ndani, nyenje wanalia kumbini, nyasi zimemea uani, na watu wanaogopa kupita mlangoni kwa sababu ya giza na ukimya.

Angalia kwamba hapa mtunzi hafundishi neno. Haandiki kwamba mali haidumu. Anaonyesha kidaka kilekile mara mbili, mara moja kikiwa na sahani na mara ya pili kikiwa na kinda la ndege. Sisi ndio tunaotoka darasani tukaandika "mali haidumu", kisha tukasahau kidaka.

Ndipo unakuja ubeti ninaouona kuwa kilele cha utenzi wote. Mtunzi anageuka ghafla na kusema, kwa maneno yangu: kama unadhani haya ni uongo, nenda katika nyumba hizo, inamisha shingo uchungulie, uite. Hutaitikiwa ila na mwangwi. Sauti ya mtu hakuna.

Kwa nini mtunzi afanye hivyo? Amekwisha kutuonyesha kila kitu kwa ustadi mkubwa. Angeweza kuendelea. Badala yake anakiri kwamba ushairi wake, pamoja na lulu zake zote, unaweza kuchukuliwa kuwa uongo, na hajitetei kwa kuapa wala kwa kuleta aya. Jibu lake kwa asiyeamini ni miguu: nenda. Ninamwona kama mtu anayekusindikiza mpaka mlangoni, kisha anaachia mkono wako. Kwa desturi zetu, anayefika mlangoni hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Katika utamaduni ambao hodi isiyoitikiwa ni jambo la kutia wasiwasi, msomaji anatumwa kupiga hodi ambayo haitaitikiwa kamwe. Hakuna ufafanuzi wa kifo unaoweza kufanya kazi ya sekunde zile chache za kungoja jibu.

Nimesema kwamba beti za mwisho hupungua nguvu, na najua wapo watakaokasirika. Baada ya kuuliza wako wapi watu wa Pate, akiwataja kwa majina, mtunzi anaingia katika siku ya hukumu na kutaja moto na majina yake. Lugha bado ni nzito, vina havikosei, na kwa msikilizaji muumini majina hayo yana uzito wake. Lakini njia imebadilika. Hatuwezi kutumwa kwenda kuchungulia. Hakuna mlango wa kuinamia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wazee, na mtunzi ambaye punde tu alitukataza kutegemea maneno yake sasa hana kitu kingine cha kutupa ila maneno yake. Simkosoi imani yake, ninakosoa mbinu. Katika majumba ya Pate anatuamini tukaone. Katika moto anatutaka tuogope tulichoambiwa. Haitanishangaza kwamba wanafunzi tunaikumbuka bundi na zidaka miaka mingi baadaye, na majina ya moto tunayakariri usiku wa kuamkia mtihani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba sehemu ya moto ndiyo lengo la utenzi, na sehemu ya Pate ni ngazi tu ya kulifikia. Inawezekana ndivyo mtunzi alivyopanga. Lakini katika fasihi ngazi huweza kuwa imara kuliko ghorofa, na kazi ya mhakiki ni kusema ni ubao upi unaobeba uzito.

Hapa nataka kuieleza sababu ya mimi kuushika utenzi huu kwa nguvu kiasi hiki, kwani kama ningedai kwamba ukweli huonjwa halafu nikanyamaza juu ya nilichokionja, ningekuwa yule tabibu mgonjwa wa Ghazali. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka usiku ikielekea Goma na kusimama pembezoni mwa mji, baada ya kuzifunika nyumba nyingi za Buhene. Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa mojawapo. Yeye na watoto walikuwa wamekimbia, wakapona. Tuliporudi kuangalia, palikuwa na jiwe jeusi tu, pana kama shamba, bado lina joto chini ya viatu. Shangazi alitafuta nguzo moja ya umeme iliyobaki, akahesabu hatua kutoka pale, akasimama na kusema: jiko lilikuwa hapa.

Tangu utotoni nilikuwa nimesikia kanisani kwamba dunia hii ni ubatili. Niliweza kuyahubiri mahubiri hayo mwenyewe. Na siku ile mtu mmoja mwema aliyekuwa amesimama nasi alimwambia shangazi maneno hayohayo, ili kumfariji: mama, mali ni kitu cha kupita. Shangazi alimjibu kwa upole kwamba ile nyumba ya mbao aliijenga kwa kuuza maharagwe miaka tisa. Hakusema zaidi.

Nilipokuja kuusoma Al-Inkishafi chuoni, niliuelewa ubeti wa mwangwi mara moja, bila maelezo ya msamiati. Nilikuwa nimekwisha kwenda na kuchungulia. Lakini nilielewa pia jambo ambalo linaweka mpaka kwenye hoja yangu. Pale juu ya lava watu wawili walisimama mahali pamoja, wakaona jiwe lilelile, na mmoja akaona kwamba nyumba si kitu, mwingine akaona jinsi nyumba ilivyokuwa kitu. Jiwe lenyewe halikusema. Mwangwi hautuletei neno jipya: hurudisha sauti yako mwenyewe. Anayeita kwa kiburi hujibiwa kwa kiburi chake, na anayeita kwa huzuni hurudishiwa huzuni yake. Kwa hiyo aliyeona hajapata ukweli kwa kuwa tu ameona. Analeta mlangoni maneno aliyokuja nayo, na mlango unamrudishia ayasikie upya.

Nadhani mtunzi alilijua hili pia, na ndiyo sababu alianza kwa kuusuta moyo wake kabla ya kuutuma majumbani. Watu wengi wa Lamu na Pate walipita kando ya magofu yale kila siku. Waliyaona. Wengine pengine walibeba mawe yake wakajengea. Kuona kwao hakukuwa kufunuka. Moyo ulihitaji kwanza kuulizwa swali, na swali huulizwa kwa maneno. Hata Ghazali, aliyesema kwamba jambo lenyewe ni la kuonja, aliketi baadaye akaandika kitabu kutueleza hivyo. Maneno, basi, yana kazi: yanaamsha swali, yanakusindikiza mpaka mlangoni, na baadaye yanakusaidia kuwaeleza wengine ulikotoka. Kazi moja tu hayaiwezi, nayo ni kuingia badala yako.

Mpaka wa pili unahusu ni nani aliyetumwa kwenda kuona. Utenzi unawaonyesha mabwana wa Pate. Watumwa wanasikika kama kelele za furaha ya nyumba, kisha hawatajwi tena. Je, mwanamke aliyekuwa akiosha zile sahani za kauri angechungulia kidaka chenye makinda ya ndege na kuona nini? Huenda asingeona ubatili wa dunia. Huenda angeona kwamba hatimaye kumetulia. Mtunzi alisema alichokionja yeye, mtu wa ukoo wa heshima aliyewajua wenye majumba, na hilo ni haki yake. Kosa ni letu tunapoichukua funzo la mabwana na kuwahubiria wapagazi. "Dunia ni hadaa" ni neno la kweli likisemwa kwa aliyewasha taa mia. Likisemwa kwa muuza maharagwe, linahitaji kuangaliwa mara mbili, kwani yeye hakuwahi kudanganywa na dunia. Dunia ilimwambia ukweli wake mapema sana.

Haya yote yana maana gani kwetu tunaosoma na kwa walimu wetu wanaotufundisha? Sisemi tuache kuandika dhamira na ujumbe. Mtihani utakuja, na mwanafunzi lazima afaulu. Ninasema kwamba kwa kazi ya aina hii, orodha ya ujumbe ni mwanzo, na isihesabiwe kuwa mwisho. Tukimaliza kuandika kwamba mali haidumu, tuulize: mtunzi ametupeleka wapi, ametuonyesha nini, na ni wapi ametuachia mkono? Mwalimu anayefundisha Al-Inkishafi mbali na pwani anaweza kuuliza wanafunzi wake: katika mji wenu, nyumba ipi ukiita haitikii mtu? Hakuna mji wa nchi zetu usiokuwa nayo. Wengine watataja nyumba iliyoachwa kwa vita, wengine duka la mfanyabiashara aliyefilisika, wengine chumba cha babu. Hapo mwanafunzi wa Bujumbura au Kampala, Mwislamu au Mkristo, atakuwa na kitu chake cha kuleta mbele ya ubeti, na hatalazimika kujifanya mtu wa Lamu ili auelewe.

Kuna gharama. Majibu yatatofautiana, na hayatasahihishika kwa urahisi. Mmoja atasema utenzi unamfariji, mwingine atasema unamkasirisha, kama ulivyonikasirisha mimi kwa muda kwa niaba ya shangazi. Lakini hasira yangu ilitoka katika kuusoma, na nilipoandika tu kwamba mtazamo wa mtunzi ni wa kidini sikukasirika wala sikufarijika.

Sayyid Abdallah alijua kwamba msomaji anaweza kumwona mwongo, akamwachia njia ya kuhakikisha. Ni heshima kubwa ambayo mwandishi wa mambo ya dini anaweza kumpa msomaji wake. Miaka 200 imepita tangu wakati wake, na heshima hiyo bado inatungoja. Kuipokea si kukubali kila anachosema. Ni kwenda, kuinamisha shingo, kuita, na kusikiliza kwa uaminifu kinachorudi.